Murnau: Mji Ambako Mlima Uligeuka Rangi

Majira ya kiangazi ya 1908 yakielekea ukingoni, wachoraji wanne walipanga vyumba katika nyumba ya wageni ya Griesbräu, mjini Murnau, mji mdogo wa Bavaria kusini mwa Ujerumani. Watatu walikuwa Warusi: Wassily Kandinsky, aliyekuwa ameacha kazi ya sheria; Alexej Jawlensky, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi; na Marianne von Werefkin, binti wa jenerali. Wa nne alikuwa Mjerumani, Gabriele Münter, mwenye umri wa miaka 31. Kila asubuhi walitoka na vipande vya kadibodi, brashi na rangi za mafuta, wakaenda kuchora barabara, kanisa, ziwa la Staffelsee, kinamasi kipana kilicho kusini mwa mji na milima ya Alpi iliyosimama nyuma yake.

Walikaa wiki chache tu. Lakini picha walizotoka nazo zilikuwa za ulimwengu tofauti kabisa na zile walizokuja nazo. Miti ilikuwa buluu, barabara waridi, vivuli zambarau, na nyumba zilikuwa vipande bapa vya rangi vilivyozungushiwa mistari myeusi. Miaka michache baadaye mmoja wao angechora picha ambazo mtu hawezi kuonyesha kwa kidole mlima uko wapi wala mti uko wapi, na dunia ingeanza kuzungumza juu ya sanaa dhahania.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba sanaa ya namna hiyo ilizaliwa chumbani, vichwani mwa watu walioipa dunia kisogo. Historia ya Murnau inasema vingine. Rangi na umbo vilipata uhuru wao mikononi mwa watu waliokuwa wakiitazama ardhi kwa bidii, siku baada ya siku, tena wakiwa tayari kufundishwa na mafundi wa kijijini. Na katika historia hiyo yuko mwanamke ambaye kwa miaka mingi hakupewa haki yake.

Lundo la mabua

Kandinsky alizaliwa Moscow mwaka 1866 na kukulia Odessa. Alisomea sheria na uchumi katika Chuo Kikuu cha Moscow. Mwaka 1889 alitumwa kwenye safari ya utafiti katika jimbo la Vologda, kaskazini mwa Urusi, kuchunguza mila na sheria za wakulima. Huko aliingia katika nyumba za mbao ambazo kuta zake, makabati yake na viti vyake vilipakwa nakshi za rangi kali. Baadaye aliandika kwamba alijihisi kana kwamba ameingia ndani ya picha. Hilo tuliweke akilini, kwa maana miaka 20 baadaye, Murnau, angeipaka ngazi ya nyumba rangi kwa mkono wake mwenyewe.

Tukio lililomwondoa katika sheria lilitokea Moscow mwaka 1896, kwenye maonyesho ya wachoraji wa Kifaransa. Alisimama mbele ya picha ya Claude Monet asijue anatazama nini. Ilibidi asome katalogi ili ajue kwamba ni lundo la mabua. Kwanza aliona aibu, kisha akakasirika: mchoraji ana haki gani ya kuchora kitu kisichotambulika? Lakini picha ile ilimganda akilini, ikimrudia na kila rangi yake. Ndipo akaanza kushuku kwamba kitu kinachochorwa huenda si cha lazima kama alivyofundishwa.

Monet mwenyewe hakuwa na nia ya kukiondoa kitu. Alikuwa amesimama katika mashamba yaliyo jirani na nyumba yake huko Giverny, mwaka 1890 na 1891, akichora malundo yale yale asubuhi, adhuhuri, jioni, kwenye theluji na kwenye ukungu. Mei 1891 alitundika picha 15 za malundo hayo katika jumba la Durand-Ruel mjini Paris. Alichokuwa akikifuata ni mwanga. Lakini katika kuufuata, lundo lilibaki umbo moja sahili, pembetatu juu ya mstatili, na kazi yote ya picha ikaachiwa rangi. Mlango aliufungua Monet, ingawa mwenyewe hakupita.

Mwaka huo huo wa 1896 Kandinsky alikuwa ameitwa kufundisha katika chuo kikuu cha Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, nchini Estonia. Alikataa. Akiwa na umri wa takriban miaka 30 alipanda treni kwenda Munich kuanza upya kama mwanafunzi wa uchoraji. Mwalimu wake, Franz von Stuck, aliona rangi zake zimepita kiasi, akamwamuru afanye kazi kwa nyeusi na nyeupe tu kwa muda. Kwa mtu aliyeacha taaluma nzima kwa ajili ya rangi, hiyo ilikuwa adhabu kubwa. Hata hivyo, kwa kunyimwa rangi alijifunza kulipima umbo.

Mwanafunzi mwenye kamera

Gabriele Münter alizaliwa Berlin mwaka 1877. Zama zile wanawake hawakuruhusiwa kusoma katika Chuo cha Sanaa cha Munich. Aliyetaka kujifunza alilazimika kutafuta walimu binafsi. Kabla ya hapo, kati ya 1898 na 1900, Münter na dada yake walikuwa wamesafiri Marekani kuwatembelea jamaa zao, katika majimbo kama Missouri, Arkansas na Texas. Huko alipata kamera ndogo ya Kodak, akapiga mamia ya picha. Jicho lake lilizoea kuamua haraka: nini kiingie ndani ya fremu, nini kiachwe nje.

Mwaka 1902 alijiunga na shule iliyofunguliwa na Kandinsky na wenzake, iliyoitwa Phalanx. Kiangazi hicho darasa lilihamia Kochel, penye milima, na Münter akajifunza kupaka rangi nzito kwa kisu badala ya brashi. Mwalimu na mwanafunzi wakapendana, ijapokuwa Kandinsky alikuwa bado na mke. Kwa miaka kadhaa iliyofuata walisafiri pamoja: Uholanzi, Tunisia, Italia, na kwa takriban mwaka mmoja, kuanzia 1906, waliishi Sèvres, kando ya Paris. Picha zao za mandhari za wakati huo ni ndogo na nzuri, lakini bado ni za Monet na wenzake: madoa mazito ya rangi yanayofukuzana na mwanga wa jua.

Ufaransa ilikuwa imeshasonga mbele. Kiangazi cha 1905 Henri Matisse na André Derain walikuwa wamekaa Collioure, mji wa wavuvi kwenye pwani ya Mediterania, wakachora ufuo mwekundu na milima ya rangi ya chungwa. Mhakiki mmoja wa Paris aliwaita wanyama wa mwituni. Münter na Kandinsky walizijua kazi za namna hiyo. Walichokosa ni mahali pa kujaribu somo hilo kwa mikono yao wenyewe.

Somo lililopita mikono mingi

Somo hilo lilikuwa na historia ndefu kuliko Matisse. Oktoba 1888, katika msitu mdogo ulio karibu na Pont-Aven, Bretagne, kijana Paul Sérusier alichora kando ya mto huku Paul Gauguin akimwelekeza. Masimulizi yaliyohifadhiwa na rafiki yao Maurice Denis yanasema kwamba Gauguin alimuuliza anauonaje mti ule. Ikiwa ni wa manjano, basi aweke manjano. Ikiwa kivuli kinaelekea buluu, asiogope kukipaka buluu safi. Matokeo yake ni ubao mdogo wa sentimita 27 kwa 21 na kidogo, ambao sasa uko katika jumba la makumbusho la Orsay, Paris. Ukiutazama kwa mara ya kwanza huoni msitu. Unaona vipande vya manjano, kijani, buluu na nyekundu vimekaa bega kwa bega. Marafiki wa Sérusier waliuita Talismani, yaani hirizi, na wakaugeuza kuwa msingi wa kundi lao, Nabi.

Miongoni mwa watu wa kundi hilo alikuwako Mholanzi Jan Verkade, ambaye baadaye aliingia utawani. Kati ya 1906 na 1907 mtawa huyo alikuwa Munich, akawa anachora pamoja na Jawlensky. Alimweleza Jawlensky yale ambayo kundi lao lilikuwa limeyapata kwa Gauguin: usinakili kila kitu unachokiona, chukua kilicho kikuu, kizungushie mstari, kijaze rangi moja yenye nguvu. Hivyo Jawlensky alipofika Murnau kiangazi cha 1908, alikuwa amebeba somo lililotoka Bretagne miaka 20 nyuma na kupita mikono minne. Jioni alizungumza, na Münter alisikiliza kwa makini kuliko wote. Mwenyewe alikiri kwamba Jawlensky ndiye aliyemwonyesha njia.

Upepo na kioo

Kwa nini Murnau, si kwingine? Sababu ya kwanza ni hewa yake.

Wachoraji wa mandhari wa Ulaya walikuwa na kanuni ya karne nyingi: kilicho mbali hufifia. Mlima wa karibu hupewa rangi nzito na vitu vingi. Wa mbali hupewa buluu iliyopauka, ili jicho lisome umbali. Murnau, siku za upepo uitwao Föhn, kanuni hiyo huvunjika mbele ya macho. Upepo huo mkavu na wenye joto hushuka kutoka Alpi, hufagia ukungu, na hewa hutakata kiasi kwamba milima iliyo mbali kwa kilomita nyingi huonekana kama imesogea hadi ukingoni mwa mji. Buluu yake haipauki bali hukolea. Kinamasi, malisho, paa na mlima hujipanga kama matabaka ya rangi, moja juu ya lingine, bila kina kati yake. Mchoraji anayepaka mlima buluu nzito siku hiyo hasemi uongo hata kidogo. Ndiyo maana watu huliita eneo hilo hadi leo Nchi ya Buluu.

Mji wenyewe ulisaidia. Miaka michache kabla ya hapo msanifu majengo Emanuel von Seidl alikuwa amesimamia ukarabati wa barabara kuu, na kuta za nyumba zikapakwa rangi mbalimbali. Waridi na manjano tunazoziona katika picha za barabara ya Murnau hazikutoka zote kichwani mwa mchoraji.

Sababu ya pili ni mafundi wa vioo. Kwa vizazi vingi wakulima wa Bavaria walitundika nyumbani picha za watakatifu zilizochorwa nyuma ya kioo. Mtengeneza bia mmoja wa Murnau, Johann Krötz, alikuwa na mkusanyiko mkubwa wa picha hizo, na fundi Heinrich Rambold alikuwa bado akizitengeneza. Münter alikwenda kwake kujifunza.

Tuiangalie kazi hiyo kwa karibu, maana ndani yake mna siri ya picha nyingi zilizofuata. Fundi huchora upande mmoja wa kioo ili picha itazamwe kutoka upande wa pili. Kwa hiyo kila kitu hufanywa kinyume. Kwenye kitambaa mchoraji huanza na usuli, halafu umbo, na mwisho mistari na vitu vidogo. Kwenye kioo mistari myeusi hutangulia, kisha macho na mikunjo ya nguo, halafu rangi bapa zinazojaza nafasi kati ya mistari, na usuli huja mwisho kabisa. Ukishapaka, huwezi kurudi nyuma kusahihisha, kwa kuwa kosa la kwanza ndilo litakaloonekana mbele. Hakuna nafasi ya kufifisha kivuli polepole. Rangi hukaa safi nyuma ya kioo, na mstari mweusi huizuia isimwagikie jirani yake.

Münter alianza kunakili picha hizo, halafu akatengeneza za kwake, na Kandinsky akafuata, pamoja na marafiki waliojiunga nao baadaye. Ndipo kanuni ya kioo ikahamia kwenye kadibodi. Münter aliandika mwaka 1911 kwamba baada ya kipindi kifupi cha mateso alipiga hatua kubwa huko Murnau: alitoka katika kuiga maumbile, akafikia kuhisi kilichomo ndani yake, kukichuja na kutoa kiini chake. Ni mwanafunzi aliyekatazwa mlango wa chuo aliyeeleza kwa maneno machache kile ambacho wengine wangekiandikia vitabu.

Picha mbili

Mwaka 1909 Münter alinunua nyumba mjini Murnau, kwenye mteremko unaotazamana na kanisa na kasri, reli ikipita chini yake. Wenyeji waliiita Nyumba ya Warusi. Kandinsky alilima bustani, akapaka ngazi ya ndani wapanda farasi na maua, na wote wawili wakapamba viti na makabati.

Kutoka upande huo wa mji Kandinsky alichora mwaka huo picha ya treni ikipita chini ya kasri. Haizidi nusu mita kwa upana. Treni ni nyeusi tupu, magurudumu na mabehewa yameyeyuka kuwa umbo moja linalokata picha kutoka upande hadi upande. Moshi wake ni mafungu meupe, na mawingu yaliyo juu ni mafungu meupe pia, hata jicho linayaunganisha mawili hayo kabla akili haijauliza kipi ni moshi na kipi ni wingu. Hapo mantiki mpya inafanya kazi. Vitu viwili visivyohusiana katika dunia vimefanywa ndugu kwa sababu vina umbo na rangi moja.

Picha ya Münter ya mwaka huo huo inawaonyesha Jawlensky na Werefkin wamejilaza kwenye malisho. Juu yao pana mlima na anga. Nyuso zao hazina macho wala mdomo. Watu, kilima na mlima vyote vimepewa hadhi moja: kila kimoja ni kipande cha rangi ndani ya mstari mnene. Lakini hakuna anayeweza kuiangalia asijue kwamba ni alasiri ya kiangazi, watu wamepumzika na nyasi zina joto. Münter alithibitisha kwamba unaweza kuondoa karibu kila kitu na bado mahali pakabaki.

Hapo ndipo njia zao zilipoanza kuachana. Münter aliridhika kubaki mahali ambapo mlima umechujwa lakini bado ni mlima. Kandinsky aliuliza: je, nikiondoa na hicho kilichobaki?

Hofu ya zulia

Swali hilo lilikuwa limemsumbua tangu jioni moja katika studio yake Munich. Alirudi giza likianza kuingia, akaona ukutani picha ya uzuri wa ajabu, isiyo na kitu cha kutambulika, rangi na maumbo matupu. Aliposogea aligundua kwamba ni picha yake mwenyewe, imeegemezwa kwa ubavu. Kesho yake mchana alijaribu kuiona tena kwa namna ile asiweze, kwa sababu sasa alivitambua vitu vilivyomo. Akahitimisha kwamba vitu vilikuwa vinaziumiza picha zake.

Hata hivyo hakuvifuta kwa mara moja, na hapa tunamwona mtu makini. Aliogopa kwamba rangi na umbo vikikosa sababu ya ndani vitakuwa pambo tupu, kama la tai au zulia. Kwa hiyo kati ya 1909 na 1913 alivificha polepole. Katika picha alizoziita Improvisesheni na Komposisheni, mlima unabaki kama pembetatu, kanisa la Murnau linainama na kuwa mnara wa mistari miwili, farasi na mpanda farasi wanabaki kama upinde mmoja.

Mwishoni mwa 1911 alichapisha mjini Munich kitabu chake juu ya mambo ya kiroho katika sanaa. Humo alieleza kazi ya rangi kwa mfano ambao msomaji anaweza kuujaribu mezani. Chora duara mbili zinazolingana, moja ipake manjano na nyingine buluu. Ukizitazama kwa muda utaona ya manjano inatanuka na kukujia, ya buluu inajikunja na kurudi ndani. Kijani, mchanganyiko wa hizo mbili, hutulia. Fikiria maana yake kwa mchoraji wa mandhari. Kwa karne nyingi umbali ulijengwa kwa mistari inayokutana na vitu vinavyopungua ukubwa. Sasa rangi peke yake inaweza kusukuma na kuvuta. Ukiweka manjano nyuma, kilicho nyuma kitakuja mbele. Ukiweka buluu mbele, mbele patazama. Mlima si lazima uchorwe ndipo umbali uwepo.

Watu hawakufurahi. Kandinsky na wenzake walikuwa wameanzisha chama cha wasanii mwaka 1909, na katika maonyesho yao ya kwanza, kwenye jumba la Thannhauser, Munich, Desemba ya mwaka huo, mwenye jumba alilalamika kwamba kila jioni ilimpasa kupangusa mate ya watazamaji kwenye picha. Miaka miwili baadaye chama chenyewe kilimgeuka. Komposisheni yake ya tano ilikataliwa kwa sababu ilizidi ukubwa wa mita nne za mraba uliowekwa na kanuni. Kandinsky, Münter na mchoraji mwenzao Franz Marc walijitoa, na katika muda mfupi wakaandaa maonyesho yao wenyewe katika jumba hilo hilo, yaliyofunguliwa 18 Desemba 1911 kwa jina la Mpanda Farasi wa Buluu. Sura ya vyumba vya maonyesho hayo tunaijua leo kwa sababu Münter alikuwapo na kamera yake.

Kamera hiyo ilishuhudia pia kilele cha safari. Novemba 1913, baada ya michoro mingi ya matayarisho, Kandinsky alichora Komposisheni ya saba, picha ya mita mbili kwa mita tatu. Münter aliipiga picha hatua kwa hatua kati ya tarehe 25 na 28, na ndiyo maana tunajua kwamba kazi hiyo kubwa ilikamilika kwa siku chache tu. Sasa iko katika jumba la Tretyakov, Moscow. Ndani yake hakuna tena kanisa la kuonyesha kwa kidole. Kuna dhoruba ya rangi yenye kina, uzito na mwelekeo, vitu alivyovijua kwa kutazama bonde na milima kwa miaka mitano.

Haki itendeke: hakuwa peke yake. Nchini Sweden, Hilma af Klint alikuwa ameanza kuchora picha zisizo na vitu tangu 1906, bila dunia kujua. Uholanzi, Piet Mondrian alikuwa akiuchora mti tena na tena hadi matawi yakawa mistari. Lakini barabara iliyopita Murnau ndiyo tunayoweza kuifuata karibu kila hatua, kwa kuwa picha zake zimebaki, na zimebaki kwa sababu ya mtu mmoja.

Vita na chumba cha chini

Aprili 1914 Paul Klee, mwenzao katika Mpanda Farasi wa Buluu, alikwenda Tunisia pamoja na wachoraji wenzake August Macke na Louis Moilliet. Huko Hammamet na Kairouan, chini ya mwanga wa Afrika Kaskazini, aligawa mji na bustani katika miraba ya rangi za maji, na akaandika katika shajara yake kwamba sasa yeye na rangi wamekuwa kitu kimoja. Miezi michache baadaye Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Macke aliuawa Septemba mwaka huo huo. Marc aliuawa karibu na Verdun mwaka 1916. Kandinsky, akiwa raia wa nchi adui, alilazimika kuondoka Ujerumani.

Yeye na Münter walionana kwa mara ya mwisho Stockholm mwaka 1916. Mwaka uliofuata Kandinsky alioa mwanamke mwingine huko Moscow. Miaka ya 1920, aliporudi Ujerumani na kufundisha katika shule ya Bauhaus, palizuka mvutano juu ya picha alizoziacha. Mwaka 1926 Münter alimrudishia makasha 26 na kubaki na nyingine. Mwaka huo aliandika kwamba machoni pa wengi yeye alikuwa nyongeza tu isiyo na haja kando ya Kandinsky. Ni maneno machungu kutoka kwa mtu aliyepiga ile hatua ya 1908 kwa miguu yake mwenyewe.

Mwaka 1931 alirudi kuishi Murnau. Miaka miwili baadaye Hitler akashika madaraka. Julai 1937 wakuu wa Nazi walifungua Munich maonyesho ya kuidhihaki sanaa waliyoiita potovu, na kazi za Kandinsky, Klee na Marc zikawekwa humo zichekwe. Mamia ya picha ambazo serikali ile ingezinyang'anya zilikuwa zimefichwa katika chumba cha chini cha nyumba ya Münter. Alikaa kimya, akavumilia ufukara, akazilinda hadi vita vya pili vikaisha. Kandinsky alifariki karibu na Paris Desemba 1944, bila kuziona tena.

Ng'ambo ya bahari

Wakati picha zimefichwa, mawazo yalikuwa yamevuka bahari. Hans Hofmann, Mbavaria aliyeendesha shule ya uchoraji Munich tangu 1915, alihamia Marekani mwaka 1932, akafundisha New York na Provincetown. Mafundisho yake yaliegemea nguvu zile zile za rangi, kusukuma na kuvuta, ambazo mchoraji Mfaransa Cézanne na Kandinsky walikuwa wamezihangaikia. Mwaka 1950 miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Helen Frankenthaler.

Kiangazi cha 1952 Frankenthaler alikwenda Nova Scotia, Kanada, akachora miamba na maji kwa rangi za maji. Aliporudi New York, Oktoba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 23, alitandaza sakafuni kitambaa kisichopakwa kitangulizi chochote, akachora mistari michache ya makaa, akamwaga rangi za mafuta alizozizimua kwa tapentaini. Rangi haikukaa juu ya kitambaa. Ilizama ndani yake. Picha hiyo, yenye upana wa karibu mita tatu, aliiita Milima na Bahari. Haina mlima unaoweza kuuzungushia mstari, wala ufuo. Ina waridi, kijani na buluu vilivyosambaa kwenye weupe, na mtazamaji anahisi upepo wa bahari. Alisema mandhari ile alikuwa nayo mikononi alipoichora. Mwaka uliofuata wachoraji Morris Louis na Kenneth Noland waliiona, na uchoraji wa Marekani ukapata njia mpya.

Deni la kulipwa

Mwaka 1957, alipotimiza miaka 80, Gabriele Münter aliukabidhi mji wa Munich hazina yake: zaidi ya kazi 1,000, zikiwamo picha za mafuta za Kandinsky zipatazo 90, pamoja na rangi za maji, picha za vioo, na kazi zake mwenyewe na za marafiki zao. Ziliwekwa katika jumba la Lenbachhaus, ambalo kwa siku moja likawa miongoni mwa majumba muhimu ya sanaa ya karne ya ishirini. Münter alifariki Murnau mwaka 1962. Nyumba yake iko wazi kwa wageni hadi leo, na ngazi yenye wapanda farasi bado ipo.

Basi msomaji, ukikutana na picha ya mandhari isiyo na mti wala mlima, usiulize kwanza inafanana na nini. Tazama ni rangi ipi inakujia na ipi inakukimbia, ni umbo lipi limebeba uzito na lipi linaelea. Hayo ndiyo waliyoyatafuta watu wale wanne kwa vipande vya kadibodi, wakifundishwa na upepo, mtawa na fundi wa vioo. Na vitabu vya historia ya sanaa vinapomtaja Kandinsky kuwa ndiye aliyefungua njia, jina la Gabriele Münter liandikwe kando yake, kwa maandishi ya ukubwa ule ule.